Safari ya Lauscha, Mji wa Kioo Katikati ya Msitu

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wazee wa ukoo, mtumishi wa serikali mstaafu, katika mkutano wa ukoo uliofanyika Maskati)



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana tena tukiwa na afya, nawashukuru wanakamati kwa kunipa nusu saa ya kuzungumza nanyi. Katibu wetu aliponipigia simu kuniuliza nitazungumza juu ya jambo gani, nilimjibu kwamba nitaeleza safari yangu ya Ujerumani. Alicheka, akaniambia, "Ami, watu wanangojea uwape nasaha za kiinua mgongo na pensheni." Nasaha hizo nimeziandika na nimemkabidhi, na atakayezitaka atazipata kwake. Leo naomba mnistahamilie niwapeleke kwenye mji mmoja mdogo ulio msituni, ambao riziki yake kwa zaidi ya miaka 400 imetokana na kioo. Nina sababu ya kuwapeleka huko, na sababu yenyewe inamhusu kila mtu aliyekaa humu ukumbini. Nitaifikia.

Mji huo unaitwa Lauscha. Uko katika jimbo la Thuringia, kwenye milima ya katikati ya Ujerumani, upande ule uliokuwa Ujerumani ya Mashariki mpaka mwaka 1990. Nilikwenda mwezi wa Oktoba 2024 nikifuatana na binti wa marehemu kaka yangu mkubwa, yule mwenzetu ambaye ni muuguzi Nürnberg. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji wangu, mkalimani wangu na mlipaji wa tikiti, kwani alikataa katakata nisitie mkono mfukoni. Mtoto aliyelelewa akaleleka.

Tuliondoka Nürnberg asubuhi kwa gari moshi, tukapita Coburg, tukafika Sonneberg, mji uliosifika zamani kwa kutengeneza wanasesere na vitu vya kuchezea watoto. Hapo tulipanda gari dogo la kwenda milimani. Njia inapanda na kupinda, na misonobari imesimama pande zote mbili hata mchana ukawa kama magharibi. Pahala pengine kilima kizima kimekauka na miti imebaki mifupa mitupu, kwa sababu tangu ukame wa mwaka 2018 wadudu wanaokula chini ya gome wameshambulia misitu ile bila huruma. Mwanangu alinionyesha, akasema kwamba wenyeji wa huko wanaisikitikia miti yao kama sisi tulivyoisikitikia minazi yetu ilipopata maradhi.

Gari likifika stesheni ya Lauscha haliwezi kuendelea mbele, maana bonde ni jembamba na njia inaishia pale pale. Dereva huteremka, huenda upande wa pili wa gari, kisha gari hurudi lilikotoka na kushika njia nyingine ya kupandia. Nyumba zimejipanga kwenye miteremko, juu na chini ya barabara moja kubwa, na nyingi zimevikwa vipande vya mawe meusi ya bapa, kuanzia paa mpaka ukutani. Kwa sisi tuliozoea kuta nyeupe za chokaa, mji mzima ni kama uliovaa buibui. Lakini kila dirisha lina kioo kinachoning'inia na kumetameta, na kila baada ya nyumba chache pana kibao cha fundi.

Nilijiuliza swali ambalo pengine na nyinyi mnajiuliza. Watu wanaotengeneza kitu chepesi kuvunjika kama kioo, kwa nini waende kukaa mlimani, mbali na bandari na mbali na soko? Jawabu ni miti. Kioo asili yake ni mchanga, na mchanga peke yake hauyeyuki ila kwa moto mkali mno ambao tanuri za zamani hazikuweza kuutoa. Watu wa kale waligundua kwamba mchanga ukichanganywa na chumvi inayopatikana kwenye majivu ya miti, huyeyuka kwa moto mdogo zaidi. Kisha hutiwa chokaa ili kioo kiwe imara na kisiliwe na maji. Basi msitu ulihitajika mara mbili: kuni za kuwasha tanuri usiku na mchana, na miti mingine mingi zaidi ya kuchomwa ili yapatikane majivu. Ilikuwa rahisi kuupeleka mchanga kwenye msitu kuliko kuupeleka msitu kwenye mchanga. Kioo cha mafundi wale wa msituni kilikuwa na rangi ya kijani kibichi, kwa sababu ya chembe za chuma zilizomo ndani ya mchanga, na mpaka leo ukikiona utakijua.

Mwaka 1597 mafundi wawili, Hans Greiner na Christoph Müller, walipata ruhusa ya mtawala wa Coburg kujenga tanuri katika bonde hilo. Kutokana na tanuri moja ukatokea mji. Watoto wa Greiner na watoto wa Müller walioana, wakazaana, wakarithishana kazi, mpaka ikafika hadi kwamba ukiita Greiner njiani wanageuka watu wote. Ikabidi kila tawi liongezewe jina la pili ili watu wajulikane, kama vile Greiner-Mai, Greiner-Petter na Müller-Uri. Niliposikia hayo nilicheka peke yangu, kwani nilikumbuka baraza ya nyumba yetu ya Mjini, ambako ukilitaja jina la babu yetu wanaitika watu wanane, na ndiyo maana tuna "wa Vuga", "wa Makunduchi", "Mrefu" na "wa Meli".

Tulianza kwenye kiwanda cha zamani ambacho bado kinafanya kazi na kuruhusu wageni kutazama. Kilianzishwa mwaka 1853. Joto la tanuri lilitupokea mlangoni. Fundi mmoja alichota donge la kioo kinachowaka kwa ncha ya bomba refu, akalizungusha, akapuliza kidogo. Mwenzake akalishika donge upande wa pili kwa chuma, kisha akaanza kwenda kinyumenyume, polepole, hatua kwa hatua, na lile donge likawa linavutika katikati yao kama asali nzito inavyoning'inia kwenye kijiko. Walipotengana mwendo wa kutoka hapa nilipo mpaka mlango ule, katikati yao pana fimbo ndefu ya kioo, nyembamba, yenye uwazi ndani. Fimbo hizo hukatwa vipande na kuuzwa kwa mafundi wa majumbani, ambao huzilainisha tena juu ya ndimi za moto wa gesi na kuzipuliza wanavyotaka.

Kazi hiyo ya majumbani ndiyo iliyoutangaza mji. Kwanza walitengeneza shanga. Msije mkadhani kwamba ndizo shanga zilizokuja kwetu pwani na kupelekwa bara na misafara. Hizo kwa wingi zilitoka Venice na Bohemia. Halafu, katikati ya karne ya 19, wakaanza kutengeneza mapambo ya kutundikwa kwenye mti wa Krismasi. Inasimuliwa kwamba fundi mmoja maskini hakuweza kununua matofaa na kokwa za kupambia mti wa watoto wake, akazipuliza kwa kioo. Kama ni kweli au si kweli, Mungu anajua. Lililo la hakika ni kwamba mwaka 1867 mji ulijengewa mtambo wa gesi, moto ukawa mkali na wa kutegemewa, na mafundi wakaweza kupuliza tufe kubwa lenye ganda jembamba kama la yai. Biashara ikavuka bahari mpaka Marekani.

Lakini nisiwapambie mambo. Katika nyumba zile baba alipuliza, mama akatia dawa ya fedha ndani ya tufe ili ling'are, watoto wakapaka rangi na kufunga kwenye maboksi mpaka usiku wa manane, na faida kubwa ikaliwa na wafanyabiashara wa Sonneberg walionunua kwa bei waliyoipanga wenyewe. Mama mmoja muuza duka alituambia kwamba bibi yake alikuwa akishuka mlimani kwa miguu na kapu kubwa mgongoni, kapu limejaa kioo, na theluji imefika magotini. Mwaka 2023 UNESCO iliuandika ufundi wa kioo wa mikono wa nchi sita, Ujerumani ikiwa mojawapo, katika orodha ya turathi za wanadamu. Mama yule alisema ni heshima kubwa, ila vijana wanaotaka kujifunza bado ni wachache. Hilo na sisi tunalijua.

Kitu cha tatu walichokitengeneza ni gololi. Ndiyo, gololi hizi hizi tulizochezea mchangani. Katika miaka ya 1840 fundi wa ukoo wa Greiner alitengeneza koleo lenye kikombe kidogo upande mmoja na wembe upande wa pili. Fimbo ya kioo cha moto huingizwa kikombeni, huzungushwa ikawa duara, na wembe huikata. Kabla ya hapo gololi za watoto zilikuwa za mawe au udongo. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, Wamarekani walibuni mashine ya kuzitengeneza, na za mikono zikapoteza soko. Dukani palikuwa na bakuli limejaa gololi za kila rangi, na mwanangu akaanza kuwachagulia wanawe. Mimi nilitoka nje nikasimama barabarani. Alidhani nimechoka na joto la tanuri.

Na kitu cha nne, ndugu zangu, ni macho.

Mwaka 1835 fundi wa Lauscha aliyeitwa Ludwig Müller-Uri, ambaye alikuwa akitengeneza macho ya wanasesere, alifanikiwa kutengeneza jicho la kioo la mwanadamu. Kabla yake macho ya namna hiyo yalitoka Paris, na daktari mmoja wa Würzburg ndiye aliyemletea mfano na kumtaka ajaribu. Mwaka 1868 ikapatikana aina mpya ya kioo cheupe, chepesi, chenye kuvumilia machozi, kilichotiwa madini ya kriolaiti yaliyochimbwa Greenland. Kutoka mji huo ufundi ulienea Ujerumani nzima. Uingereza na Marekani zilikuwa zikinunua macho ya Kijerumani mpaka Vita vya Pili vya Dunia vilipokata njia, na hapo ndipo wakabuni macho ya plastiki ambayo wanayatumia hadi leo. Wajerumani wengi wamebaki na kioo.

Sasa nadhani wengi wenu mmeshajua ninaelekea wapi.

Marehemu kaka yangu mkubwa, ambaye baadhi yenu mlimwita Baba Mkubwa na wengine Babu, alikuwa na jicho la kioo upande wa kulia. Vijana mnamkumbuka zaidi kwa miwani yake myeusi. Alilipoteza jicho hilo mwaka 1967 akiwa na umri wa miaka 13. Hospitalini mjini Unguja alikuwapo daktari wa Ujerumani ya Mashariki, maana miaka ile walikuwako wengi kwetu, madaktari na wajenzi, na majumba waliyoyajenga Kikwajuni yamesimama mpaka leo. Donda lilipopona, daktari huyo alifungua kisanduku chenye macho yamepangwa kwenye pamba kama mayai ya njiwa, akachagua moja lililokaribia rangi ya jicho lake lililosalia. Mwaka 1973, alipokuwa amekua na lile la kwanza limekuwa dogo, alipewa la pili. La tatu hakupata. Hilo la pili ndilo alilolivaa mpaka alipofariki mwaka 2019, ingawa miaka ya mwisho alilivaa siku za Ijumaa, siku za harusi na siku za kupigwa picha tu. Binti yake anasema kwamba utotoni alizoea kuliona usiku ndani ya bilauri ya maji juu ya kabati, likimtazama. Alipooshwa marehemu, walimtolea, na binti akaliweka katika kikopo cha bati. Mimi niliwahi matanga, mazishi sikuyadiriki.

Kikopo hicho ndicho tulichokichukua Lauscha. Mwanangu alikuwa amemwandikia barua fundi mmoja wa macho, mtu mzima wa makamo, naye akatukaribisha. Siku hiyo alikuwa na mteja, bwana mmoja mkata miti, ambaye aliridhia tukae tutazame.

Nitawaeleza nilichokiona, kwani sijapata kuona kazi ya mikono iliyonishangaza kama ile. Fundi alikaa mbele ya moto wa gesi, na mteja akakaa ubavuni mwake ili jicho lake zima litazamwe kila wakati. Akakilainisha kipande cha fimbo nyeupe, akapuliza likawa tufe kiasi cha gololi kubwa. Juu yake akadondosha kioo cha rangi, kisha kwa vijiti vyembamba vya kioo cha rangi mbalimbali akachora mistari ya mboni, mmoja mmoja, kama mpiga piko anavyochora mkono wa bibi harusi. Katikati akatia nukta nyeusi, na juu yake tabaka la kioo safi lisilo na rangi, na hapo jicho likapata kina, mtu ukaona kwamba linakutazama. Nyuzi nyekundu za kioo, nyembamba kuliko unywele, zikawa mishipa ya damu. Mwisho akalitoa upande wa nyuma, akavuta pumzi ndani ya bomba, tufe likabonyea likawa kama nusu ya kome. Likawekwa lipoe taratibu. Haikufika saa moja. Yule mkata miti alilivaa, akajitazama kwenye kioo cha ukutani, akavaa kofia yake, akaaga.

Kisha fundi akafungua kikopo chetu.

Alilitazama jicho la kaka yangu dirishani kwa muda mrefu. Alisema kioo chake ni cha ile aina ya 1868, na kazi ni nzuri, lakini mkono ni wa nani hawezi kuapa. Halafu akapitisha kidole gumba juu yake, akasita, akapitisha tena. Akauliza lilivaliwa muda gani. Mwanangu akamwambia: miaka 46. Yule bwana alikaa kimya. Akaeleza kwamba jicho la kioo hubadilishwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa sababu machozi hulikwaruza uso wake kidogo kidogo hata kama macho hayaoni tofauti. Akamwomba mwanangu aliguse, kisha nami nikaligusa. Lilikuwa kama karatasi ya msasa. Alisema mtu aliyelivaa hili, kila alipofumba na kufumbua ilikuwa ni kama ana mchanga chini ya kope. Akauliza, "Alikuwa akilalamika?"

Tulijibu sote wawili kwa pamoja kwamba hapana.

Ndugu zangu, mimi nilifika Uingereza mwaka 1989. Nimefanya kazi katika halmashauri ya mji kwa zaidi ya miaka 30, mpaka nilipostaafu mwaka 2023. Katika muda huo nimempelekea kaka yangu mashati, viatu, saa, redio, dawa za presha na miwani ile myeusi. Katika nchi niliyokuwa nikiishi, mtu anapimwa na kutengenezewa jicho bila ya taabu kubwa. Halikunijia hata siku moja. Au niseme kweli: lilinijia, nami nikalifukuza, kwa sababu nilikuwa sipendi kulifikiria jicho lile.

Fundi akauliza, kama wanavyouliza mafundi, jicho lilipotea vipi. Mwanangu akamweleza ile habari tunayoijua sote, kwamba baba yake alipanda mkarafuu bila ruhusa ya mzee, tawi likakatika, na kijiti kikamchoma. Fundi akatikisa kichwa. Mimi nilikuwa nikitazama moto wa gesi.

Tulipokuwa ndani ya gari moshi tukiteremka kwenda Sonneberg, mwanangu akiwa na mfuko wake wa gololi mapajani, nilimwambia. Na leo, kwa idhini yake, nawaambia nyinyi.

Hapakuwa na mkarafuu. Ilikuwa msimu wa kuchuma, tuko shamba, na mimi nina umri wa miaka tisa. Nilikuwa na manati niliyoifunga mwenyewe kwa panda ya mpera na mpira wa gurudumu la baiskeli. Palikuwa na kunguru juu ya ukuta wa banda la kukaushia. Sikuona kokoto karibu, nikatoa gololi mfukoni. Kaka akatokea nyuma ya banda na pakacha begani wakati ule ule nilipoachia mpira.

Hakupiga kelele. Alikaa chini, akajifunika jicho kwa kiganja, na damu ikawa inampitia vidoleni. Nilipomkimbilia, maneno yake ya kwanza yalikuwa haya: "Wewe ulikuwa kisimani. Hapa hukuwapo." Aliyarudia mara mbili, ili niyashike. Akaniambia niitupe manati kisimani, na gololi, nami nikafanya hivyo. Walipokuja watu alisema ameanguka mtini. Baba alimkemea mbele ya wachumaji wote kwa kupanda mti bila ruhusa, ilhali mtoto anavuja damu, naye akajibu, "Nisamehe, baba."

Mtauliza kwa nini. Nyinyi mliomjua baba yetu mnajua alivyokuwa. Wiki ile ile alikuwa ameapa kwamba nikifanya kosa moja zaidi ataniondoa skuli, nipelekwe Pemba kwa ami yetu nikachunge ng'ombe. Kaka alikuwapo alipoapa, na baba hakuwa mtu wa kuvunja kiapo chake. Basi nilibaki skuli. Nikamaliza, nikaajiriwa serikalini, nikahama. Wengi wenu mliofika Uingereza katika miaka ya 1990 mlianzia kwenye chumba cha juu cha nyumba yangu, mkapata anwani ya kuandikia barua za kazi, na baadhi yenu mkaoana mlipokutana sebuleni kwangu. Mmekuwa mkinishukuru kwa hayo katika kila mkutano. Nimekuwa nikizipokea shukrani hizo.

Kaka alitaka kuwa baharia, kama babu. Alikwenda kupimwa mara mbili, akarudishwa mara mbili kwa sababu ya jicho. Akawa karani wa ghala mpaka alipostaafu, na katika mshahara wake wa mwanzo alininunulia kalamu ya wino. Katika miaka 52 jambo lile hakulitaja, si kwa mzaha, si kwa hasira, si hata tulipokuwa wawili peke yetu. Mimi ndiye niliyepaswa kulitaja. Kila nilipokwenda nyumbani nilisema moyoni kwamba safari hii nitamwambia, nisamehe kaka. Nikakaa naye barazani, tukanywa kahawa, tukazungumza siasa, na siku ya kuondoka ikafika.

Mwanangu alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alikaa kimya mpaka tukavuka stesheni mbili. Kisha akauliza, "Ami, gololi ilikuwa ya rangi gani?" Nikamjibu kwamba ilikuwa ya kijani, na ndani yake mna uzi mweupe. Hakuuliza jingine. Tulipobadilisha gari Sonneberg alinishika mkono ili nisijikwae kwenye ngazi, na hakuuachia mpaka tukakaa.

Jicho lenyewe liko hapa, ndani ya kikopo chake, juu ya meza ile karibu na daftari la mahudhurio. Mwanangu ameridhia mlione, na anayetaka kuligusa aliguse. Watoto waangaliwe lisidondoke.

Jambo la mwisho ni la kiofisi, na mtanisamehe kwani ni mazoea yangu. Katika kitabu cha mkutano wetu wa mwaka 1998, kwenye sehemu ya wasifu wa watoto wa mzee wetu, pameandikwa kwamba kaka yetu mkubwa "alipoteza jicho la kulia utotoni kwa kuanguka kutoka kwenye mkarafuu, baada ya kutotii amri ya wazazi." Maneno hayo niliyaandika mimi kwa mkono wangu, kwani ndiye niliyekuwa Katibu. Namwomba Katibu wa sasa ayafute, na mahali pake aandike kwamba alipigwa gololi ya manati na mdogo wake mwaka 1967, akamsitiri mpaka alipofariki. Na jina la mdogo wake huyo liandikwe kamili, mpaka la babu.